Kidonge cha losartani na haidroklorotiazaidi: tathmini ya miezi kumi na minane kutoka Tororo

Kidonge ninachokitathmini ni kidogo, cheupe, chenye umbo la yai, na ndani yake mna dawa mbili: losartani miligramu 50 na haidroklorotiazaidi miligramu 12.5. Anayekimeza ni mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, ambaye bado huuza vitenge kule Malaba siku tatu kwa wiki. Anayekinunua, anayempima presha na anayeandika namba katika daftari ni mimi, mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Tororo. Tumekitumia kwa miezi kumi na minane, isipokuwa siku tisa ambazo daktari alikisimamisha kwa sababu nitakayoieleza kwa urefu, maana ndiyo iliyonifanya niketi na kuandika.

Hatukuanza na kidonge hiki. Mama alipopimwa mara ya kwanza katika kituo cha afya, mashine ilisoma 178 kwa 104, naye hakuwa na dalili yoyote, si kichwa kuuma wala kizunguzungu. Alikuwa amekwenda kutibiwa magoti. Hali hiyo si ngeni nchini mwetu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa 2014 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Uganda ana presha, na walio wengi kati yao hawakuwa na habari nayo. Mama alianzishiwa amlodipini ya miligramu 5, kipimo kikapandishwa hadi 10, na presha ikashuka vizuri. Lakini kufikia wiki ya tatu ya kipimo kile cha juu, miguu ilianza kuvimba. Jioni, akivua viatu, alama ya ukanda ilibaki imechimbika juu ya unyayo mpaka alipokwenda kulala, na nilipobonyeza kwa kidole juu ya kifundo, kishimo kilikaa huku nikihesabu hadi ishirini. Uvimbe huo unajulikana. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayoleta damu kuliko inavyolegeza ile inayoirudisha, kwa hiyo maji husukumwa yakavuja ndani ya nyama za mguu, na kadiri kipimo kinavyopanda ndivyo uvimbe unavyozidi, hasa kwa wanawake. Mama hakulalamika, aliacha tu kumeza, kimyakimya, nami niligundua siku nilipohesabu vidonge vilivyobaki. Ndipo daktari akambadilishia dawa, akampa hii.

Katika kazi yake hasa, yaani kushusha presha, kidonge hiki nakisifu bila kusita. Wiki ya kwanza wastani wa asubuhi ulikuwa 161 kwa 96. Wiki ya sita ulifika 139 kwa 84, na tangu hapo namba ya juu imekuwa ikicheza kati ya 128 na 140. Mtu asikate tamaa siku za mwanzo, kwa kuwa losartani huchukua kati ya wiki tatu na sita kuonyesha nguvu zake zote. Miguu ilinywea ndani ya siku kumi baada ya kuacha amlodipini, akaanza tena kuvaa viatu vyake vya Jumapili. Kidonge hakina uchungu ulimini, ni chepesi kumeza, na humezwa mara moja tu kwa siku. Usumbufu pekee wa kila siku unatokana na ile dawa ya pili, ambayo hukojoza: huanza kufanya kazi baada ya kama saa mbili, hufikia kilele kwenye saa ya nne, kisha hupungua. Mama alipokuwa akimeza saa kumi na mbili asubuhi, haja ilimkuta katikati ya biashara, na choo cha soko si jambo la kulipendekeza kwa mtu wa magoti mabovu. Siku za soko sasa hukimeza akirudi saa tisa alasiri, siku nyingine vivyo hivyo ili asichanganyikiwe, na usiku analala bila kuamshwa.

Vidonge 30 hutugharimu shilingi 18,000, zaidi ya mara mbili ya tulivyokuwa tukilipia amlodipini. Kuzinunua losartani na haidroklorotiazaidi kila moja peke yake kungetupunguzia elfu chache. Nimechagua kulipa zaidi, kwa sababu mama aliyewahi kuacha kidonge kimoja kimyakimya hakawii kuacha kimoja kati ya viwili, na Shirika la Afya Duniani lenyewe liliingiza vidonge vya presha vyenye dawa mbili katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019.

Sasa niseme kilichomo ndani, kwa kuwa huwezi kukihukumu kidonge hiki kwa haki bila kujua asili ya kila nusu yake.

Nusu ya kwanza, losartani, ni kazi ya usanisi wa subira. Figo hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, ambacho huanzisha mlolongo unaoishia kwenye angiotensini II. Hii hubana mishipa ya damu na kuiamuru tezi iliyokaa juu ya figo itoe aldosteroni, ambayo nayo huifanya figo izuie chumvi na kutupa potasiamu. Dawa ya kwanza ya kumeza iliyoukata mlolongo huo, kaptoprili, ilibuniwa na Cushman na Ondetti wa kampuni ya Squibb baada ya watafiti kuichunguza sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye Bothrops jararaca, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Ilisaidia wengi, lakini baadhi iliwaachia kikohozi kikavu kisichoisha. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1980, wanakemia wa Takeda kule Japani walikuwa wameeleza molekuli ndogo zenye pete ya imidazoli ambazo ziliweza, kwa unyonge, kuizuia angiotensini II isikalie kipokezi chake. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilizichukua molekuli hizo dhaifu na kuzirefusha kipande baada ya kipande, ikipima kila toleo, hadi ikapata umbo lenye pete mbili za benzini zilizoungana, na mwishoni mwake pete ya tetrazoli yenye nitrojeni nne na kaboni moja. Hiyo tetrazoli ndiyo ninayopenda kuichora ubaoni kwa wanafunzi wa kidato cha tano. Matoleo ya awali yalibeba kundi la asidi ya kaboksili mahali hapo, yakafanya kazi yakidungwa lakini yakawa dhaifu yakimezwa. Tetrazoli hubeba chaji hasi ileile, ila huvuka ukuta wa utumbo vizuri zaidi. Badiliko la pete moja likageuza sindano kuwa kidonge. Losartani iliidhinishwa mwaka 1995, ya kwanza katika jamii yake.

Nusu ya pili ina historia iliyonigusa zaidi, kwa sababu inaanzia kwenye maambukizi. Mnamo Desemba 1932, katika maabara za Bayer nchini Ujerumani, Gerhard Domagk aliwapa panya walioambukizwa bakteria wa streptokoki rangi nyekundu ya kutengenezwa, iliyosanisiwa na Josef Klarer na Fritz Mietzsch, akaona panya wanapona. Dawa hiyo iliitwa Prontosil. Kabla ya mwaka 1935 kwisha, binti wa Domagk mwenyewe alichomwa na sindano mkononi, jeraha likaoza kiasi cha kuogopwa kwamba mkono utakatwa, baba akampa dawa yake, mkono ukapona. Mwaka huohuo watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walibaini kwamba wekundu ule haukuwa na kazi yoyote: mwili huivunja rangi na kuacha salfanilamaidi, kampaundi ndogo isiyo na rangi ambayo ilikuwa imekwisha kutengenezwa tangu 1908, na ambayo haikuwa mali ya kampuni yoyote.

Waliopewa salfanilamaidi nyingi walionekana kutoa sodiamu zaidi katika mkojo. Kwa wengine hayo yalikuwa madhara ya pembeni tu. Mwaka 1949, huko Boston, daktari William Schwartz aliyatumia madhara hayo kuwa tiba kwa wagonjwa wa moyo waliovimba, wakakojoa maji yao. Kipimo kilichohitajika kilikuwa kikubwa mno kuendelea nacho, lakini njia ilikuwa imefunguka. Wanakemia wa Merck, akina Novello na Sprague, wakiongozwa kwa upande wa figo na Karl Beyer, waliendelea kuibadilisha salfonamaidi hadi pete mpya ikajifunga upande wa pili wa molekuli, na hapo ikazaliwa klorotiazaidi, iliyoingia sokoni 1958. Haidroklorotiazaidi ilifuata mara moja, ikiwa na nguvu kama mara kumi zaidi kwa uzito uleule. Kwa hiyo ile miligramu 12.5 iliyomo katika kidonge cha mama ni mjukuu wa dawa ya jipu.

Ubora wa kuziweka hizi mbili pamoja hauko katika kushusha presha peke yake. Haidroklorotiazaidi hupoteza potasiamu, losartani huizuia isipotee. Haidroklorotiazaidi hupandisha asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti, na losartani, tofauti na ndugu zake wengi, huisaidia figo kuitupa. Kila moja hufuta sehemu ya kosa la mwenzake. Ni ndoa iliyopangwa vizuri, mradi asiingie mtu wa tatu.

Mtu wa tatu aliingia mwezi wa kumi na mmoja. Mama aliamka akihisi kuchomwa anapokojoa. Mimi nilikuwa kazini nikisimamia mitihani, naye hakutaka kunisumbua, basi akaingia katika duka la dawa lililo njiani, akaeleza, akauziwa Septrin katika bahasha ndogo ya kaki, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Hakuulizwa anameza dawa gani nyingine. Akaongezewa na diklofenaki kwa ajili ya magoti, kwa kuwa alikuwa ameshika goti akiongea. Siku ya tano alinipigia simu akasema, "Mwanangu, miguu haina nguvu, na moyo unaruka kama kuku aliyefungwa." Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Potasiamu katika damu ilikuwa 6.3, wakati mpaka wa juu wa kawaida ni kama 5, na karatasi ya moyo ilionyesha mawimbi yaliyochongoka kama paa la nyumba. Daktari wa zamu aliomba kuona vidonge vyote. Nilimwaga mfuko wa mama juu ya kitanda, akavitenga kwa kalamu: hiki, hiki na hiki, simamisha. Alitibiwa usiku kucha, na kulipokucha moyo ulikuwa umetulia.

Nimeisoma kemia ya usiku ule mara nyingi tangu hapo. Septrin ni dawa mbili, salfamethoksazoli na trimethoprimu. Ya kwanza ni salfonamaidi, ndugu wa damu wa haidroklorotiazaidi. Ya pili ilitoka katika maabara za George Hitchings, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988 pamoja na Gertrude Elion, mshirika wake, na James Black, aliyebuni propranololi, dawa inayotumika kwa moyo na presha. Naona kamati ya Nobel nayo iliwaweka meza moja watu wa maambukizi na mtu wa presha. Trimethoprimu humuua bakteria kwa kumnyima foleti, aina ya vitamini B. Lakini umbo lake linafanana vya kutosha na dawa ya kukojoza iitwayo amiloridi hata huziba milango ya sodiamu katika mirija ya mwisho ya figo, na milango hiyo ikizibwa, potasiamu hukosa njia ya kutoka. Losartani tayari imepunguza aldosteroni, ambayo ndiyo ingeifukuza potasiamu. Diklofenaki hupunguza damu inayoingia katika figo. Mlango wa mbele, wa nyuma na wa uani vikafungwa kwa wakati mmoja, na kile kiasi kidogo cha haidroklorotiazaidi hakikutosha kufungua chochote.

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha mwaka 2010 kwamba wazee wanaotumia dawa za jamii ya losartani au za jamii ya kaptoprili, wakipewa mchanganyiko wa trimethoprimu na salfamethoksazoli, hatari yao ya kulazwa kwa sababu ya potasiamu nyingi ilikuwa takriban mara saba ya wale waliopewa amoksisilini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Ndani ya pakiti ya mama, karatasi ya maelezo inataja kupanda kwa potasiamu, kwa herufi ambazo mimi mwenye miwani nilizisoma dirishani.

Sitaki mtu asome haya akaichukia Septrin. Hapa hapa wilaya ya Tororo ndipo ulipofanyika utafiti uliochapishwa 2004, ambao ulionyesha kwamba kumeza dawa hiyo kila siku kulipunguza vifo vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi kwa karibu nusu, tena katika vijiji ambako bakteria wengi walikuwa wamekwisha kuizoea. Nina majirani walio hai kwa ajili yake. Kosa lilikuwa bahasha ya kaki isiyo na swali.

Tena Septrin haingemponya mama. Hospitali iliotesha mkojo wake maabara, akapatikana bakteria wa E. koli mwenye usugu kwa ampisilini na kwa Septrin yenyewe. Kwa hiyo alihatarisha moyo wake kwa dawa ambayo mdudu hakuijali. Figo zilipopimwa na kuonekana zimerudi katika hali nzuri, alipewa nitrofurantoini kwa siku tano, nayo inastahili aya yake hapa. Ni dawa ya usanisi mtupu, haitokani na kuvu wala mmea, na imekuwa ikitumika tangu 1953. Ikimezwa huenda kujikusanya katika mkojo, na huko vimeng'enya vya bakteria mwenyewe huigeuza kuwa vipande vikali vinavyoshambulia sehemu zake nyingi kwa pamoja. Ndiyo sababu, baada ya miaka zaidi ya 70, bakteria wengi wa njia ya mkojo hawajapata pa kujificha. Imezwe pamoja na chakula, la sivyo tumbo linachafuka. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mama aliniita msalani kwa sauti ya hofu, nikamwonyesha kwenye karatasi kwamba ndivyo inavyokuwa. Kuchomwa kuliisha siku ya pili. Haichokozi potasiamu. Haifai kwa mtu ambaye figo zake zimechoka, wala kwa maambukizi yaliyokwisha kupanda hadi kwenye figo zenyewe.

Siku ya tisa kidonge cha presha kilirudishwa, na tangu wakati huo tumehamia famasi nyingine, ambayo mfamasia wake, mama mmoja mtaratibu, ana desturi ninayotamani ienee. Hauzi kitu kabla hajauliza, "Mama, unameza nini kingine nyumbani?" Tulipokwenda mara ya kwanza alimwambia mama akae, akamtaka ataje hata dawa za mitishamba, kisha akanigeukia akasema, "Mwalimu, diklofenaki ya magoti tutaiacha. Paracetamol itatosha, na akipata homa au mkojo ukamwuma, aje hapa kwanza." Kwa watu wanaotumia kidonge hiki, swali hilo moja lina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Malalamiko yangu juu ya bidhaa yenyewe ni haya. Karatasi ya maelezo imeandikwa kwa Kiingereza peke yake. Katiba yetu, ilivyorekebishwa 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mipakani kwetu Malaba na Busia ndicho watu wanachouziana na kununuliana kuanzia asubuhi hadi jioni. Onyo la potasiamu lililoandikwa kwa lugha ambayo mwenye kumeza haisomi ni onyo lisilokuwapo. Pili, kiwanda hubadilika kila mara. Katika miezi hii tumepewa pakiti za watengenezaji watatu, za rangi tatu, na vidonge vya umbo tofauti, hali iliyomfanya mama siku moja ameze viwili akidhani ni dawa mbili mbalimbali. Presha ilishuka hadi 102 kwa 61 akashinda amelala. Anayekununulia pakiti mpya akuonyeshe kidonge cha zamani na kipya kiganjani.

La tatu ni la usafi wa usanisi, na hili linahusu dawa zote za jamii ya losartani. Ile tetrazoli ninayoisifu ndiyo iliyoleta balaa la Julai 2018, ilipogundulika kwamba valsartani, nduguye losartani, iliyotengenezwa na kiwanda kimoja kikubwa cha China, ilikuwa na uchafu uitwao NDMA unaoshukiwa kusababisha saratani. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha kiyeyushio katika hatua ya kuifunga pete. Mabaki ya kiyeyushio hicho yakakutana na nitriti iliyotumika kuteketeza azidi iliyobaki, na kitu ambacho hakuna aliyekipima kikazaliwa ndani ya pipa. Dawa zilirudishwa kutoka nchi nyingi, na baadaye zikafuata baadhi ya pakiti za losartani. Viwango vimewekwa tangu hapo na wakaguzi wanavipima. Mimi hununua tu mahali penye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, hutazama kama ganda la bati limefungwa sawasawa na tarehe inasomeka, na sikubali kabisa vidonge vilivyotolewa kwenye ganda lake vikapimwa kwa kijiko.

Je, ni kidonge bora kuliko vyote kwa watu wetu? Hapana, na lazima niseme hivyo ijapokuwa sisi kimetufaa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa Waafrika weusi 728 katika nchi sita, Uganda ikiwa mojawapo, likilinganisha michanganyiko mitatu ya dawa mbili. Michanganyiko yenye amlodipini ndani, iwe pamoja na haidroklorotiazaidi au pamoja na perindoprili, dawa ya jamii ya kaptoprili, ilishusha presha zaidi kuliko perindoprili na haidroklorotiazaidi bila amlodipini. Tofauti ilikuwa kama milimita tatu za zebaki. Kidonge cha mama hakikuwamo katika jaribio hilo, ila kimekaa upande ule wa wasio na amlodipini. Kwa hiyo ambaye miguu yake haivimbi, ningemshauri amwulize daktari kwanza juu ya mchanganyiko wenye amlodipini, ambao pia ni wa bei nafuu. Mwanamke anayeweza kushika mimba asiguse losartani bila kuongea na daktari, kwa kuwa huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Mwenye gauti, mwenye figo dhaifu, na yeyote aliyewahi kutoka upele mkali kwa dawa za salfa, wajieleze kabla ya kuandikiwa.

Kuhusu dawa mpya zinazotengenezwa ulimwenguni, nimezifuatilia kwa hamu ya mtu ambaye nyumbani kwake za presha na za maambukizi zote zinahitajika. Machi 2024 Marekani iliidhinisha aprositentani, inayozuia endothelini, njia ya kubana mishipa ambayo hakuna dawa ya presha iliyokuwa imeigusa kabla yake. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2025, ikaidhinishwa gepotidasini kwa maambukizi ya njia ya mkojo ya wanawake. Ni kampaundi ya usanisi ya jamii mpya, inayomzuia bakteria kukunjua na kunakili vinasaba vyake kwa kushika mahali tofauti na zinaposhika siprofloksasini na wenzake, dawa za kuua bakteria za zamani zaidi. Katika famasi za Tororo sijaikuta hata moja kati ya hizo. Nitrofurantoini ya 1953 ndiyo iliyomponya mama, na salfonamaidi iliyogeuzwa ya miaka ya 1950 ndiyo inayomkojoza hadi leo, na ninafurahi kwamba zipo, lakini E. koli yule wa mama alikuwa amekwisha kuzishinda dawa mbili kati ya zile tunazouziwa kwa mazoea, na wanakemia wanaokaa meza moja hadi nyingine wakibadilisha pete moja kwa wakati wanafanya kazi ambayo sisi huku tunaihitaji kuliko wale watakaoinunua mwanzo.

Kidonge nakipa alama nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya karatasi ya Kiingereza na rangi zinazobadilikabadilika. Jumamosi iliyopita nilinunua pakiti ya kumi na tisa, na mfamasia wetu, kama afanyavyo kila mara, alichukua kalamu ya wino mzito akaandika juu ya boksi kwa Kiswahili: "Saa tisa alasiri. Kimoja. Hakuna Septrin, hakuna diklofenaki." Mama aliyasoma maneno hayo kwa sauti tukiwa bado kaunta, akaliweka boksi ndani ya mkoba wa vitenge. Potasiamu ya mwisho ilikuwa 4.4, tutaipima tena mwezi wa tatu.